Upepo wa Amu upimwe na vijana wa Amu

Kusi ikichacha, nahodha wa hapa Amu, yaani Lamu, hutazama maji ya mkondo wa Shela, akateremsha tanga kubwa na kutweka dogo. Hahitaji kipimo. Marehemu baba yangu, fundi wa mashua Matondoni, alikuwa na jicho hilo hilo. Mimi nasomesha fizikia, na nataka wanafunzi wangu waongeze tarakimu juu ya jicho hilo.

Mwaka jana mimi na wanafunzi wanane tulitengeneza handaki la upepo: sanduku la plaiwudi la mita 2, feni upande mmoja, kioo ubavuni. Ndani tukasimamisha mtambo mdogo wa upepo wenye mapanga matatu ya mbao. Ukatikisika kama mwenye homa. Tukachonga mapanga upya, mara mbili, bure. Ndipo binti mmoja akabandika nyuzi za kushonea ndani ya sanduku, na zote zikalala mshazari, zikizunguka: feni ilikuwa ikiusokota upepo. Tukapanga mirija ya soda mbele ya feni, mamia, kama sega la nyuki. Nyuzi zikanyooka. Mtambo ukazunguka kimya, na darasa zima likapiga makofi.

Sanduku letu lina mipaka, na hilo nalo ni somo. Hewa haikitendei kitu kidogo kama inavyokitendea kikubwa. Mfano wa sehemu moja ya kumi, ili hewa iupitie kama inavyoupitia mtambo wenyewe, hutaka upepo wa kasi mara 10: kusi ya mita 8 kwa sekunde iwe mita 80. Feni yetu haifiki huko. Lakini kulinganisha panga na panga inatosha. Hata ndugu Wright, mwaka 1901, walijaribu mabawa madogo kama 200 ndani ya sanduku kabla ya kurusha ndege yao ya injini.

Mradi wa umeme wa upepo wa megawati 90 wa Baharini, kule Mpeketoni, umezungumzwa zaidi ya miaka 10. Kule Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, mitambo 365 ya upepo imeshasimama. Upepo ukiongezeka kasi maradufu, nguvu yake huwa mara 8, kwa hiyo anayekosea kidogo kwenye kipimo hukosea sana kwenye umeme. Sitaki vijana wa Lamu waajiriwe kulinda geti tu huku wengine wakisoma vipimo hivyo.

Naiomba kaunti iweke handaki la kweli katika chuo kimoja cha ufundi. Plaiwudi na mafundi tunao; feni kubwa na vipima upepo ndivyo vinavyotushinda. Kusi ijayo tutaupandisha mtambo wetu juu ya paa la shule, tuulinganishe na ulivyofanya sandukuni.