Nyumba Njema si Mlango: Je, Vijumba vya Kuchezea Vitiwe Samani?

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo hutumiwa sana katika mambo ya ndoa na tabia za watu. Juma hili inafaa kutumiwa katika jambo dogo ambalo huleta ubishi wa kweli katika nyumba zenye watoto. Mzazi na mtoto wanapojenga nyumba kwa matofali madogo ya plastiki, je, yapasa watie ndani yake vitanda, meza na jiko, au yatosha kuta ziwe imara na paa lipendeze?

Katika nyumba moja ya askari, koplo mmoja alirejea kwa likizo ya siku kumi akiwa na kopo la matofali hayo, yaliyokwisha kutumiwa na watoto wengine. Binti yake mwenye umri wa miaka minane alifurahi sana, na kwa siku tatu baba na mtoto walikaa mkekani wakijenga. Baba alitaka nyumba ya ghorofa, yenye madirisha sita upande wa mbele na paa jekundu. Walipoliweka paa, kopo lilikuwa tupu. Baba akamwita mkewe aje atazame.

Mama alisifu. Lakini binti aliinama, akachungulia dirishani, akauliza:

"Baba, watalala wapi?"

"Akina nani, mwanangu?"

"Wenyewe."

Baba akacheka. "Hii ni nyumba ya kutazama tu, mwanangu. Ndani hakuonekani."

Mtoto hakujibu neno. Ila siku ile nzima hakuigusa tena nyumba ile, na kijitu kimoja cha plastiki kilichokuwamo koponi akakilaza juu ya kitambaa, kando ya mlango.

WENYE KIWANDA NAO WALIPITA NJIA HIYO

Ubishi wa koplo na binti yake si mgeni. Hata kampuni ya LEGO, ambayo matofali yake yamejulikana duniani kote, imepita katika njia zote mbili.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Kristiansen katika Billund, nchini Denmark. Mwanzoni alitengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Jina la LEGO lilipatikana mwaka 1934 kutokana na maneno mawili ya Kidenmark, "leg godt", maana yake "cheza vizuri". Tofali lenye vinundu juu na mirija ndani, ambalo hushikana na mwenzake bila gundi, liliombewa hati ya uvumbuzi tarehe 28 Januari, 1958.

Kabla ya hapo, mwaka 1955, kampuni ilikuwa imetoa mpango wa mji mdogo wa kuchezea. Katika mji huo mambo makubwa yalikuwa barabara, magari na alama zake, na nyumba zilisimama kando kama pambo. Mwaka 1971 mambo yakageuka: zikatolewa seti za samani, kama vile za jikoni na za sebuleni. Hapo vyombo vikawa vingi, na kuta zikawa chache.

Jambo lililounganisha nyumba na vyombo lilikuja mwaka 1978, vilipotolewa vijitu vyenye kimo cha sentimita 4, ambavyo mikono na miguu yake husogea, na ambavyo huweza kukaa kitini. Miongoni mwa vile vya kwanza kabisa alikuwamo askari polisi. Tangu hapo nyumba ya matofali ikapata wenyewe, na mwenye nyumba hakosi kutafuta mahali pa kukaa.

Hata hivyo, mwaka 2007 kampuni ilipoanza mfululizo wa majengo makubwa ya mjini, yaliyokusudiwa hasa kwa wajenzi watu wazima, jengo la kwanza liliachwa tupu. Liliitwa Café Corner, lenye vipande 2,056. Lilikuwa hoteli ya pembeni mwa barabara, yenye mkahawa chini, na sura yake ya nje ilisifiwa sana. Ghorofa zake ziliweza kunyanyuliwa moja moja, lakini aliyenyanyua hakukuta kitu ila sakafu.

Jengo la Green Grocer la mwaka 2008 likaanza kutiwa vitu ndani. Jengo la zimamoto la mwaka 2009 likaendelea zaidi: ndani yake mlikuwa na mlingoti wa kuteremkia askari wa zimamoto na meza ya kuchezea mpira wa meza. Tangu hapo kujaza vyumba kukawa ndiyo desturi. Kituo cha polisi cha mwaka 2021, chenye vipande 2,923, kina meza ya mapokezi, ofisi, na chumba cha mahabusu chenye kitanda. Kitanda hicho kikisogezwa, huonekana njia ya siri ya kutorokea.

Askari yeyote aliyewahi kulinda mahabusu ataona mara moja tofauti iliyopo. Kituo cha polisi kisicho na kitu ndani ni ukuta wenye kibao. Kituo chenye kitanda, meza na njia ya siri kina kisa, na kisa hicho ndicho humfanya mtoto arudi kucheza kesho.

HOJA ZA WANAOKATAA SAMANI

Haifai kumlaumu koplo bila kumsikiliza, kwa kuwa hoja zake zina uzito. Kwanza, matofali ni ghali, na kila tofali linalofichwa ndani ni tofali lililopungua nje. Pili, kuna majengo ambayo kwa udogo wake hayawezi kubeba samani. Mwaka 2008 LEGO ilianza mfululizo wa mifano ya majengo mashuhuri, ya kwanza ikiwa ni maghorofa mawili ya mji wa Chicago, Sears Tower na John Hancock Center. Sears Tower ina kimo cha mita 442, lakini mfano wake ni wa kusimama mezani. Katika kipimo kama hicho kitanda kingekuwa kidogo kuliko kinundu kimoja cha tofali. Kutafuta samani humo ni kumtafuta sisimizi gizani.

Tatu, jengo kubwa la maonyesho, ambalo watu hulitazama kutoka mbali na halifunguki, huhitaji zaidi nguzo na mihimili ya ndani kuliko viti. Anayeweka kitanda mahali palipotakiwa nguzo atakuja kuokota vyote viwili sakafuni.

HOJA ZA WANAOTAKA

Kwa upande wa pili, kazi ya samani si kuonekana tu. Mjenzi anayejua kwamba jikoni patakuwa na jiko hujiuliza moshi utatokea wapi, na hapo hukumbuka dirisha. Anayetaka kitanda chumbani hugundua kwamba mlango aliouweka hauwezi kufunguka. Anayejenga ghorofa hutambua kwamba alisahau ngazi. Kwa njia hii samani hurekebisha nyumba yenyewe, nayo huacha kuwa sanduku lenye matundu.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko Uingereza, katika ngome ya Windsor. Hapo huonyeshwa nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1921 na 1924 kwa ramani ya Edwin Lutyens, msanifu mashuhuri wa majengo. Kila kitu ndani yake kimepunguzwa mara 12. Mabomba yake yalitengenezwa yatoe maji, taa zake ziwake kwa umeme, na maktaba yake ina vitabu vidogo vilivyoandikwa kwa mikono na waandishi wa wakati ule. Hakika nyumba hiyo si ya matofali ya plastiki, wala si ya mkono wa mtoto. Lakini inafundisha jambo moja la maana: Lutyens alifanya kuta za nje zinyanyuke, ili ndani paonekane. Hata nyumba ya malkia, kama haifunguki, samani zake ni kazi bure.

JINSI YA KUAMUA

Kutokana na hayo, inafaa mambo matatu yaulizwe kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

La kwanza ni kipimo. Je, kijitu kinaweza kupita mlangoni? Kama hakiwezi, na nyumba ijengwe kwa sura ya nje tu, bila majuto.

La pili ni njia ya kuingilia. Je, paa linatoka, au ukuta wa nyuma uko wazi? Kama nyumba haifunguki kabisa, njia ya katikati ni kupamba yale tu yanayoonekana dirishani: pazia, taa, au mgongo wa kabati. Hayo hugharimu matofali machache na huifanya nyumba ionekane ina watu.

La tatu, na ndilo kubwa, ni mwenyewe. Je, nyumba hii ni ya mtu mzima anayetaka kuiweka juu ya kabati aitazame, au ni ya mtoto anayetaka kuishi ndani yake kwa mawazo? Ya kutazamwa huhukumiwa kwa uso wake. Ya kuchezewa huhukumiwa kwa vyumba vyake. Makosa mengi hutokea pale mtu mzima anapojenga ya kwanza na kumkabidhi mtoto kana kwamba ni ya pili.

SAMANI KWA MATOFALI MACHACHE

Mzazi asidhani kwamba ni lazima anunue vyombo vilivyotengenezwa tayari. Kutoka kinundu kimoja hadi kingine ni milimita 8, na kimo cha tofali, bila vinundu vyake, ni milimita 9.6. Vibao vitatu vyembamba hulingana na tofali moja. Kwa kuwa kijitu kina kimo cha tofali nne hivi, ukuta wa chumba usipungue tofali sita kwenda juu, ili mkono wa mtoto nao upate nafasi ya kuingia.

Kitanda hutengenezwa kwa kibao chembamba cha vinundu sita kwa vinne, na tofali jembamba moja kichwani likawa mto. Meza ni kibao kidogo juu ya tofali moja la mviringo. Jiko ni tofali moja jeusi. Kabati ni matofali mawili yaliyopandanishwa ukutani. Chumba cha vinundu vinane kila upande, yaani chini kidogo ya sentimita sita na nusu, hutosha kitanda, meza na njia ya kupita. Kisijazwe zaidi ya hapo, kwani chumba kilichojaa humzuia mtoto kama kilivyo chumba kitupu. Kila chumba kipewe kwanza chombo kimoja kinachoeleza kazi yake. Vingine vifuate kama matofali yatabaki.

Tahadhari moja isisahauliwe. Vipande hivi vidogo visiachwe mahali anapofikia mtoto wa chini ya miaka mitatu, maana huweza kuvimeza vikamkaba. Baada ya mchezo vihesabiwe, vifungiwe koponi.

GHOROFA IKASHUSHWA

Usiku wa nne wa likizo yake, koplo aliketi peke yake mbele ya ile nyumba. Kopo lilikuwa tupu, na pesa za kununua jingine hazikuwapo. Samani zingeweza kupatikana mahali pamoja tu, napo ni katika ghorofa ya juu, ile yenye madirisha matatu aliyoijenga kwa bidii kuliko sehemu zote. Asubuhi alimwita binti yake.

"Mwanangu, tukitaka vitanda itatubidi tuibomoe ghorofa. Wasemaje?"

"Tuibomoe, baba."

Hakusita hata kidogo. Baba ndiye aliyesita. Lakini ghorofa ilishushwa, na kabla ya chakula cha mchana nyumba ilikuwa na jiko, meza, benchi la ukutani na vitanda viwili. Madirisha matatu yaliyobaki mbele hayakupendeza kama sita. Paa lilikuwa kubwa kupita kiasi, wakalipunguza. Yaliyopunguzwa mtoto aliyachukua, akaanza kutengeneza kitanda cha tatu karibu na mlango.

"Hiki ni cha nani tena?"

"Cha baba. Akija usiku asituamshe."

Siku tano zilizosalia nyumba ile haikukaa juu ya kabati hata mara moja. Ilifunguliwa na kufungwa asubuhi na jioni, ikapikwa ndani yake, ikaugua watu, wakapona. Koplo aliporudi kazini aliiacha ikiwa na ghorofa moja tu, nayo haikuwa nzuri machoni mwa mpita njia.

Basi mzazi asikimbilie paa. Na amwulize mtoto kwanza nani atakaa ndani, ndipo wahesabu matofali pamoja. Kama ndani hakuna wa kukaa, kuta na ziinuliwe juu kadiri kopo linavyoruhusu. Kama yupo, kitanda chake kitangulie, na paa liwekwe mwisho, tena liwekwe kwa namna ya kutoka.