Acheni Kutufundisha Mbwa na Paka!

Leo nina hasira kidogo, kwa hiyo nivumilie.

Kila ninapokutana na kijana anayejifunza kuandika programu, hapa Gakindu au kule Nyeri mjini, namuuliza: umefundishwa nini kuhusu obijekti? Jibu ni lile lile. Kuna klasi inaitwa Mnyama. Mbwa anarithi Mnyama. Paka anarithi Mnyama. Mbwa anabweka, paka analia nyau. Mtihani, makofi, nenda nyumbani.

Jamani! Ni nani Mukurwe-ini nzima aliyewahi kulipwa kuandika programu ya mbwa anayebweka?

Angalia kilicho mbele ya macho yetu. Chama cha ushirika cha kahawa kina viwanda. Gikanda kule Mathira, kwa mfano, kiliwahi kuwa na vitatu: Gichathaini, Kangocho na Ndaroini. Kiwanda kina wakulima. Mkulima ana mizigo aliyoleta. Mzigo una tarehe na kilo. Hapo hakuna anayemrithi mwenzake. Ni kitu ndani ya kitu, ndani ya kitu kingine. Hilo ndilo somo tunalolihitaji, na ndilo linalorukwa.

Nasema haya kwa sababu liliniumbua. Nilipoanza kazi hii niliandikia kikundi kimoja cha wakulima programu ya kujumlisha kilo. Urithi nilikuwa nimeusoma muhula mzima. Kuweka orodha ya obijekti ndani ya obijekti nyingine sikuwahi kufanyishwa zoezi hata moja. Basi nikaandika hivi:

class Mkulima:
    mizigo = []

Siku ya majaribio wakaja watatu. Wa kwanza kilo 12, wa pili 30, wa tatu 8. Kompyuta ikampa kila mmoja kilo 50! Shosho mwenye kilo 8 akatazama karatasi, akacheka: "Mjukuu wangu, hizi hamsini nilizibeba kwa mgongo gani?" Wote walicheka. Mimi sikucheka, maana ingekuwa siku ya malipo, pesa za mtu zingeliwa na kosa langu.

Kosa lilikuwa nini? Orodha niliiweka kwenye klasi yenyewe, kwa hiyo wakulima wote walichangia orodha moja. Kila mkulima anatakiwa kupewa yake anapozaliwa:

class Mkulima:
    def __init__(self, namba):
        self.namba = namba
        self.mizigo = []

    def jumla(self):
        return sum(m.kilo for m in self.mizigo)

Mistari michache tu. Kiwanda nacho kinashika orodha ya wakulima, na kikitaka jumla yake kinamwuliza kila mkulima jumla(). Hakichokonoi mizigo yake. Kila mmoja anajibu kuhusu vitu vyake.

Sasa watetezi wa urithi wataniambia: mwenyekiti wa kiwanda je? Si arithi Mkulima? Haya, fikiria. Wanachama wanamchagua mwenzao kuwa mwenyekiti, na bado analeta kahawa yake. Uchaguzi ujao anaangushwa. Utamwua obijekti Mwenyekiti uzae Mkulima mpya? Na kilo zake zitakwenda wapi? Mwanachama ana cheo. Cheo kinaingia, cheo kinatoka, mtu anabaki.

Wala si ubishi wa kijijini. Mwaka 1994 Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, katika kitabu chao Design Patterns, walishauri kuunganisha obijekti kabla ya kukimbilia urithi. Wakubwa nao wamejikwaa: katika Java, klasi ya Stack inarithi Vector. Stack ni rundo, kama la sahani: unaweka juu, unatoa juu. Lakini kwa kuwa imerithi Vector, mtu anaweza kuchomeka sahani katikati! Leo maelezo ya Java yenyewe yanashauri utumie Deque.

Naomba nieleweke: sisemi urithi ni dhambi. Una mahali pake. Lakini Kiswahili chetu kimetupa kipimo ambacho hakuna kitabu kinachohitajika kukieleza. Kuna "kuwa" na kuna "kuwa na". Sema sentensi kwa sauti kabla hujaandika. Mkulima NI mzigo? Hapana. Mkulima ANA mizigo? Naam. Silabi moja tu, "na", inakuokoa na wiki nzima ya kutafuta kosa.

Kwa hiyo walimu, nawasihi: mbwa na paka wapumzike. Mpeni mwanafunzi kiwanda, wakulima watatu na mizani. Akimpa kila mkulima kilo hamsini, acheni shosho amsahihishe.

Na wewe kijana unayesoma hapa, usingoje mwalimu. Liandike zoezi hilo leo jioni. Kisha ongeza mkulima wa nne asiyeleta chochote. Jumla yake isipokuwa sifuri, rudi juu usome tena.