Mtumishi wa Bara na Likizo ya Baharini

Kila inapokaribia miezi ya Juni na Desemba, swali moja huzuka katika vyumba vya walimu na katika ofisi za wilaya mkoani Singida: siku 28 za likizo zitumiwe wapi? Kwa miaka mingi majibu yalikuwa mawili. Wako waliokwenda kwao kuwaamkia wazee, na wako waliobaki shambani. Siku hizi limeongezeka jibu la tatu. Baadhi ya watumishi huteremka hadi Dar es Salaam, wakapanda boti kwenda Zanzibar, au wakaendelea hadi Nyamisati na kuvuka kwenda Mafia. Hukaa baharini na visiwani siku chache, kisha hurejea kazini.

Jibu hilo la tatu limezua ubishi. Wapo wanaolidharau wakisema kwamba bahari hiyo ni ya hapa hapa nchini, na kwamba safari yenye heshima ni ile ya kwenda mbali. Wapo pia wanaolilaumu kwa sababu nyingine kabisa: kwamba kupanda boti kwa ajili ya kutazama maji ni anasa, na anasa haimfai mtumishi wa umma ambaye ana watoto wa kusomesha na wazazi wa kutunza. Hoja hizo mbili zafaa kupimwa kwa utulivu, kwa kuwa nyuma yake limo jambo kubwa zaidi kuliko boti, yaani namna mfanyakazi anavyotumia haki yake ya kupumzika.

Haki hiyo haina shaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi siku 28 za mapumziko kwa kila mzunguko wa likizo wa miezi 12. Sheria haikutoa siku hizo kwa ukarimu. Imezitoa kwa kutambua kwamba mtu aliyechoka hawezi kufundisha vizuri, wala hawezi kumhudumia mwananchi kwa uvumilivu. Taifa hili lilianza safari yake kwa wito wa Uhuru na Kazi, na kazi ya kweli hudai mapumziko ya kweli. Mwalimu anayemaliza likizo akiwa amechoka kuliko alivyoianza amejinyima haki yake, na wanafunzi wake watalipa sehemu ya hasara hiyo.

Sasa itazamwe hoja ya kwanza, kwamba pwani ni karibu mno. Kutoka Singida mjini hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 700. Mtu anayeiona safari hiyo kuwa fupi huenda anaitazama kwenye ramani tu. Kwa mtoto aliyezaliwa Mkalama au Itigi, na mara nyingi kwa mwalimu wake pia, bahari ni habari ya kitabuni. Wageni huvuka mabara kuja kuitazama, na meli kubwa za watalii hutia nanga Zanzibar na Dar es Salaam, ilhali mwenye nchi anahesabu miaka 30 ya utumishi bila kuyaonja maji yake kama kweli yana chumvi. Hapo ukaribu haujawa kasoro ya safari. Kasoro ni kwamba kitu kilicho karibu kimeachwa bila kufikiwa.

Ifikiriwe kazi ya mwalimu wa jiografia. Kila mwaka husimama mbele ya darasa akaeleza kujaa na kupwa kwa maji. Huchora mwezi, akachora dunia, na wanafunzi wakanakili. Lakini mwalimu aliyepata kukaa ufukweni tangu asubuhi hadi jioni ameyaona maji yakirudi nyuma mpaka mashua zikalala mchangani, kisha yakaja tena baada ya saa sita hivi na kuziinua. Ameona kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa pale Zanzibar yaweza kufika karibu mita nne. Ameelewa kwa nini mvuvi huuliza habari za mwezi kabla ya kuuliza habari za saa. Mwalimu huyo akirudi Iramba hatahitaji kukariri. Somo lile lile litakuwa na uhai mwingine, na faida itakuwa ya watoto ambao wenyewe hawakusafiri.

Kwa mwalimu wa historia faida ni kubwa zaidi. Katika mtaa wa Mkunazini, mjini Zanzibar, limesimama kanisa kuu la Anglikana mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mtumishi kutoka Singida asipite pale kama mgeni wa historia hiyo. Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora ilikatiza Ugogo, kisha ikaingia katika pori kavu lililoogopwa na wapagazi wote, ambalo misafara ililiita Mgunda Mkali. Pori hilo ndilo nchi ya Manyoni na Itigi ya leo. Pembe za ndovu na wanadamu walioteremshwa pwani walipita huko, na wengi hawakufika. Kwa hiyo anayesimama Mkunazini akitokea Manyoni anautazama mwisho wa njia iliyopita nyumbani kwao. Hiyo ni elimu ambayo hata safari ya ng'ambo, kwa gharama mara kumi, haiwezi kumpa.

Hoja ya pili, ile ya anasa, ina uzito na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba mshahara wa mtumishi una wenyewe wengi kabla haujamfikia. Ni kweli pia kwamba wako wanaokwenda pwani kwa fedha za mkopo wenye riba kubwa, ili mradi picha zionekane na majirani, na ambao hurejea kukuta ada ya mtoto haijalipwa. Wahenga walikwisha kuonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Safari ya deni si mapumziko, kwa maana msafiri huwaza marejesho hata akiwa katikati ya bahari. Vivyo hivyo, mtumishi anayelipiwa nauli ya kwenda kwao likizo asiifanye nauli hiyo kuwa ya matembezi, huku mama mzazi akimsubiri kijijini mwaka baada ya mwaka.

Lakini matumizi mabaya ya jambo hayalifanyi jambo lenyewe kuwa baya. Iko njia ya kwenda bila kuumia. Walimu wa shule moja au watumishi wa idara moja waweza kuunda kikundi, wakaweka akiba kidogo kila mwezi kwa mwaka mzima au miwili, na wakasafiri pamoja. Nauli ya mwananchi katika boti za Zanzibar ni ndogo kuliko ile inayotozwa mgeni, na raia wa Tanzania Bara hahitaji pasi ya kusafiria kwenda upande wa pili wa Muungano wake. Hubeba kitambulisho tu. Anayeepuka siku za sikukuu, wakati vyumba na nauli vinapogombewa, hupunguza gharama zaidi. Safari iliyopangwa kwa akiba ni matunda ya nidhamu, na nidhamu haijapata kuwa anasa.

Kuna pingamizi la tatu ambalo wakazi wa mijini aghalabu hulisahau. Mkoani Singida mvua huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Likizo ya Desemba huangukia wakati wa kupanda, na ile ya Juni huangukia wakati wa kuvuna. Mtumishi mwenye ekari zake za alizeti, mtama au mahindi hawezi kuzipa mgongo kwa mwezi mzima. Hapa ndipo safari ya karibu inapoonyesha ubora wake juu ya ile ya mbali. Tangu ilipozinduliwa rasmi huduma ya treni ya reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Agosti 1, 2024, mtu aliyeondoka Singida alfajiri kwa basi aweza kulala Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Boti ya kwenda Zanzibar huchukua kama saa mbili. Siku moja ya kuteremka, tatu au nne za baharini na kisiwani, na moja ya kurejea, hazizidi sita. Zinabaki siku 22 za shamba na za wazee. Hakuna kilichodhulumiwa.

Hata hivyo, bahari si bwawa, na mtu wa bara hana budi kuiendea kwa adabu. Katika miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi huwa makubwa na bahari huchafuka. Asiyezoea hulewa na kuteseka njia nzima. Zaidi ya usumbufu huo, kuna suala la uhai. Taifa halijasahau MV Bukoba iliyozama katika Ziwa Victoria Mei 21, 1996. Halijasahau MV Spice Islander I iliyozama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, ikiwa na abiria wengi kupita kiasi, wala MV Skagit iliyozama Julai 18, 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Mamia kwa mamia ya familia zilipoteza wapenzi wao katika ajali hizo.

Funzo lake ni la abiria na la wenye mamlaka kwa pamoja. Abiria adai tiketi yenye jina lake, ajue majaketi ya kujiokolea yalipo, amvalishe mwanawe litakalomwenea, na akatae kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi hata kama nauli imekwisha kulipwa. Nao wenye dhamana ya usalama wa vyombo, Bara na Visiwani, hawana budi kuhesabu abiria gatini kila siku, si wiki inayofuata ajali. Mwalimu aliyetoka Singida hajui kusoma bahari. Anawategemea wale waliopewa kazi ya kuisoma kwa niaba yake.

Jambo jingine ni la nyumbani. Katika familia nyingi likizo huwa ya mtu mmoja. Baba husafiri, akarudi na khanga na viungo vya karafuu, ilhali mama, ambaye huenda naye ni mwalimu au muuguzi, amemaliza likizo yake jikoni na kisimani. Likizo ya namna hiyo ni nusu likizo. Kama akiba haitoshi kuwachukua wote mwaka huu, ni afadhali kungoja mwaka mmoja zaidi ili waende pamoja. Watoto watakumbuka siku ya kwanza walipoiona bahari kuliko zawadi yoyote iliyonunuliwa sokoni.

Tena wapo watumishi ambao, kwa hesabu yoyote ya haki, hawataweza kufika pwani mwaka huu wala ujao. Hao nao wana haki ya mapumziko, na mkoa wao haukunyimwa maji. Mji wa Singida umekaa kati ya ziwa Singidani na ziwa Kindai, maji yakiwa yamezungukwa na majabali ya matale. Mwari huogelea pale, na kwa majira yake heroe huja na kuupaka rangi ukingo wa ziwa. Huko Iramba liko ziwa Kitangiri lenye wavuvi wake. Ni ajabu kwamba wako watumishi waliokaa mjini Singida miaka mingi wakiyaona maji hayo kupitia dirisha la basi tu.

Lawama hapo si yao peke yao. Mtu hawezi kwenda kupumzika mahali pasipo kivuli, pasipo njia safi, na pasipo chombo cha kuaminika. Halmashauri zenye maziwa hayo zingefanya jambo la maana kama zingetenga sehemu ndogo ya ufuko ikapandwa miti, zikajenga gati la kawaida, na zikaruhusu mashua chache zilizokaguliwa, zenye majaketi ya kutosha na nahodha aliyefunzwa. Kazi hiyo haidai mwekezaji kutoka ng'ambo. Ingewapa vijana wa mji kipato, ingewapa wanafunzi darasa la ndege na maji ya chumvi, na ingempa mwalimu wa mshahara mdogo jioni moja ya kuyasikia maji yakigonga ubao wa mashua.

Basi jibu la swali la vyumba vya walimu ni hili: safari fupi ya baharini katika pwani ya nchi hii ni likizo yenye thamani kamili, kwa masharti ya kwamba imelipwa kwa akiba, imewahusisha walio nyumbani, haikuwanyima wazee na shamba haki zao, na imefanywa katika chombo salama. Ukaribu wake ni sifa. Mtumishi ataipima likizo yake siku ya kwanza atakaporudi darasani au dirishani pa ofisi: kama amerudi na nguvu, na kama anacho kipya cha kumwambia mtoto wa Mkalama ambaye hajaiona bahari. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Na maji haya yamo ndani ya mipaka ya nchi yake mwenyewe.