Pahali pazuri pa kutazama hapalipi mshahara

Ndugu wachimbaji, na bamama mulio ku nyumba, leo tunawapeleka mbali kidogo: ku kisiwa cha Nouvelle-Calédonie, katika bahari ya Pasifiki. Kisiwa kile kiko chini ya Ufaransa. Udongo wake ni mwekundu sawa wa kwetu, na watu wake wanachimba nikeli na kobalti. Njo maana habari yake inatuhusu.

Watalii wanakijua kwa uzuri wake. Kule Voh, upande wa kaskazini, kati ya miti ya mikoko, chumvi ya udongo imeacha pahali wazi penye umbo la moyo, karibu hektari 4. Mwaka 1999 Mfaransa Yann Arthus-Bertrand alitia picha ya moyo ule juu ya kitabu chake, na dunia yote ikaujua. Wageni wanapanda mlima mupaka karibu mita 400, wanautazama, wanapiga picha, wanashuka.

Lakini pale pale Voh, ku Vavouto, kulikuwa kiwanda kikubwa cha nikeli. Mwaka 2024 matanuru yake yalizimwa, na wafanyakazi karibu 1 200 wakaachishwa kazi. Ule moyo uko pale, lakini hauwezi kulipa mishahara 1 200.

Ukiendelea tena kaskazini, utafika Tiébaghi. Pale walichimba kromi. Mgodi ulipofungwa, watu wakahama, kijiji kikabaki kitupu. Kisha watu wa pale wakaunda shirika, wakatengeneza tena manyumba ya wafanyakazi. Leo wanatembeza wageni, wanawaeleza kazi ilivyokuwa, na kutoka kilimani wanawaonyesha bahari kule chini. Mgeni anaona uzuri, anasikia pia habari ya wale waliotoka jasho.

Na sisi? Kila mgeni anayefika Lubumbashi anapiga picha ya cheminée na kile kilima cheusi cha terril. Ni nani anayemweleza kama kilima kile kilipandishwa na mikono ya babu zetu?

Sisi wa sendika tunaomba mambo mawili. La kwanza: wazee wa pension wangali wazima. Watoto wetu wakae nao, waandike majina, kazi na maisha ya kambi, mbele habari haijapotea.

La pili ni zito zaidi. Code minier ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa 0,3 % ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya wenyeji, tena kupatana nao cahier des charges. Franka zile zijenge masomo, maji na kazi ingine sasa, wakati mgodi ungali unatoa. Mgodi ukisha kufungwa, hatutakuwa tena na nguvu ya kudai.

Basi kila delege aulize mwezi huu: cahier des charges yetu iko wapi, na nani alitia sahihi kwa jina letu?