Tani Nane za Ziada Kila Safari

Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, ili lori na msafiri wakaguliwe mara moja badala ya mbili. Nia ilikuwa kupunguza gharama ya kuvuka. Angani mambo yalikwenda kinyume: Julai mwaka huohuo serikali ya Uganda iliagiza jeti nne aina ya CRJ900 kutoka Bombardier, ili kulifufua shirika la Uganda Airlines lililofungwa 2001. Bombardier hiyohiyo wakati huo ilikuwa ikiuza Q400, ndege ya pangaboi yenye viti karibu idadi ileile. Kampala ikaipita. Ulikuwa uamuzi mbaya, na haujazeeka: utengenezaji wa CRJ ulikoma mapema 2021, kwa hiyo ndege hizo zitahitaji warithi, na waliopenda jeti jana hawajabadili mawazo.

Wana hoja zao. Jeti ina kasi zaidi, nayo inafika Johannesburg, safari ya karibu kilomita 3,000 ambayo pangaboi haiwezi kuibeba kibiashara. Hilo ni kweli. Wapo pia wanaotaja ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, ambapo pangaboi aina ya ATR 42 ya shirika la Precision Air la Tanzania ilitumbukia Ziwa Victoria na watu 19 kati ya 43 wakafariki. Msiba ule uliuma pande zote za ziwa, lakini ndege ile ilikuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, na wavuvi ndio waliowahi kuwaokoa abiria. Somo lake ni vifaa vya viwanjani na vikosi vya uokoaji. Kuutumia kuuzia jeti ni kuwakosea heshima waliofariki.

Tuitazame basi ramani, maana ndiyo inayoamua kesi hii. Kutoka Entebbe hadi Nairobi ni kama kilomita 520 kwa anga. Hadi Juba si mbali na hapo, na hadi Bujumbura vilevile. Hizo zilikuwa miongoni mwa njia za mwanzo za shirika liliporejea angani Agosti 2019, na ndizo safari ambazo mkazi wa ukanda huu huzihitaji zaidi. Katika umbali kama huo jeti haipati nafasi ya kufaidi kasi yake: ikimaliza kupanda, muda si mrefu inaanza kushuka. Abiria anaokoa dakika chache, kisha anazipoteza kwenye foleni ya uhamiaji. Mafuta yaliyochomwa kuzipata dakika hizo, hata hivyo, hayarudi, na bei yake imo ndani ya tiketi.

Halafu kuna uzito. CRJ900 ikiwa haina abiria wala mafuta ina karibu tani 22. Pangaboi ya ATR 72-600, inayobeba watu wapatao 70, ina tani 13 na ushei. Jeti za Uganda Airlines zina viti 76. Kwa hiyo, ili kubeba abiria sita au saba zaidi, shirika linapandisha angani takriban tani nane za chuma kila safari, kwenda na kurudi, mwaka mzima. Dereva yeyote wa lori anayetoka Malaba na kupita mizani ya Webuye anaijua hesabu hii bila kufundishwa: uzito wa lori lenyewe haulipiwi na mwenye mzigo, na kila tani ya bodi ni tani iliyopunguzwa kwenye shehena. Angani adhabu ni kali zaidi, kwa sababu uzito hunyanyuliwa, na ada za kutua nazo hupangwa kwa kufuata uzito wa ndege. Ni vigumu kuvumilia kusikia mtu mwenye dhamana ya fedha za umma akijibu hesabu hii kwa kusema kwamba abiria wanaona pangaboi ni ndege ya kizamani. Wanaona wapi? Jambojet imejenga biashara yake kwa Q400, na Wakenya wanazijaza kwenda Kisumu, Eldoret na Mombasa. Air Tanzania ilipofufuliwa 2016 ilianza na Q400 mbili. RwandAir inazo. Ethiopian, shirika kubwa kuliko yote barani, inazirusha kwa wingi. Majirani wote hawa hawakukosea kwa pamoja, na mafundi na vipuri vya ndege hizo vimeshazoeleka katika kanda yetu.

Hasara ya Uganda Airlines, iliyopita shilingi bilioni 300 za Uganda katika mwaka wa fedha 2022/23, haikutokana na CRJ peke yake. Zile Airbus A330 mbili kubwa zina fungu lao. Lakini shirika linalovuja kiasi hicho halina ruhusa ya kufanya fahari kwenye safari ya saa moja. Anayebeba hasara hiyo ni mlipa kodi wa Tororo ambaye hajawahi kupanda ndege.

Upande huu wa mpaka jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Mfanyabiashara wa Busia akitaka kuruka huanza kwa kwenda Kisumu, na wa Malaba huelekea Eldoret. Kati ya Kisumu na Entebbe ni kama kilomita 255 tu kwa anga. Kwa jeti, njia hiyo ni hasara kabla injini hazijawashwa. Kwa pangaboi inaweza kujaribiwa, hata kwa safari chache kwa wiki. Ndege inayochaguliwa leo ndiyo inayoamua ni miji ipi itahudumiwa kwa miaka ishirini ijayo, na jeti daima itaichagua miji mikuu.

Q400 haiundwi tena tangu 2021, kwa hiyo mnunuzi wa sasa atakodi zilizotumika au atakwenda kwa ATR kule Toulouse. Njia zote mbili ni bora kuliko jeti nyingine. Bodi ya Uganda Airlines iache jeti ziende Johannesburg, na Nairobi, Juba na Bujumbura ipeleke pangaboi.