Msimsingizie Buibui

Ndugu wakulima, mwezi huu nataka kusema nanyi habari ya kiumbe mdogo anayechukiwa na wengi na kujulikana na wachache, naye ni buibui. Simsemi yule anayetanda utando wake penye pembe ya dari na kuwangoja inzi. Namsema yule mkubwa wa rangi ya udongo, mwenye miguu mirefu, asiyekuwa na utando wa kutegea, ambaye hutembea usiku chini ya majani makavu, katika mabua ya mahindi na penye rundo la kuni, na mara nyingine huingia nyumbani. Ukiwasha taa yeye hukimbia, na wewe pia hukimbia.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni barua na madaftari, lakini meza yangu iko karibu na mlango, kwa hiyo mambo mengi huulizwa kwangu kabla hayajafika kwa Bwana Shamba. Watu huniletea buibui aliyepondwa ndani ya kiberiti, na swali lao ni moja: Je, huyu ndiye aliyemtia mama watoto kidonda hiki cha mkono? Nami, kwa desturi niliyoipata katika chuo cha ualimu, hujibu kwa swali: Nani alimwona akiuma? Mpaka leo sijapata aliyemwona. Kidonda kilionekana asubuhi, buibui akaonekana jioni, basi hukumu ikakatwa.

Maoni yangu ni kwamba buibui huyu anasingiziwa. Tena nasema kwamba jambo hili si la kuchekwa, maana linaharibu mashamba yetu na laweza kumpotezea mtu uhai. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Tumjue kwanza. Wataalamu wamekwisha kuandika aina za buibui zaidi ya 50,000 duniani. Hawa wazururaji wanaowinda bila utando wamo katika kundi linaloitwa Ctenus, jina lililotolewa na Mfaransa mmoja, Walckenaer, mwaka 1805. Kundi hilo limeenea Afrika, Asia na Amerika. Macho yao ni manane, nayo yamepangwa safu tatu: mawili, manne, mawili. Ukipita shambani usiku na tochi utaona macho ya buibui wa namna hii yaking'aa chini kama matone ya umande. Yule bapa anayejibandika ukutani ni wa ukoo mwingine, lakini kwa habari ya leo mwaweza kuwahesabu pamoja.

Sumu anayo. Asije mtu akasema kwamba karani amewaambia hana. Karibu buibui wote wana sumu. Hukaa katika vifuko viwili, nayo hupita ndani ya meno mawili yenye tundu, kama sindano ya daktari wa mifugo. Lakini yatupasa kuuliza, sumu hiyo ni ya kazi gani? Buibui hawezi kutafuna na kumeza kama sisi. Humkamata nyenje au nondo, humdunga, na sumu hulegeza mishipa ya fahamu hata mdudu yule hajiwezi tena. Kisha buibui humtia maji ya tumboni mwake yanayoyeyusha nyama, naye huinywa kama uji. Basi sumu ile ni chombo cha kupatia chakula, na kipimo chake ni kipimo cha nyenje, si cha mtu mzima wa kilo 60. Kuitengeneza humgharimu, kwa hiyo haimwagi ovyo. Hamfuati mtu kitandani wala hanywi damu. Huuma akibanwa tu: ndani ya kiatu, ndani ya nguo iliyolala chini usiku kucha, au mkono ukimfinya penye kuni. Hapo mtu huumia kama aliyechomwa na nyuki, pakavimba, na kwa kawaida maumivu huisha baada ya siku moja au mbili. Wataalamu hawamweki Ctenus katika hesabu ya buibui wa hatari kwa binadamu.

Hofu imetoka wapi basi? Sehemu yake imetoka mbali sana. Huko Brazili na nchi nyingine za Amerika ya Kusini na ya Kati yuko jamaa yake anayeitwa Phoneutria, neno la Kigiriki lenye maana ya mwanamke muuaji. Huyo kweli si wa kuchezewa. Sumu yake huleta maumivu makali, jasho na moyo kwenda mbio, na Taasisi ya Butantan ya mji wa São Paulo, iliyoanzishwa mwaka 1901, hutengeneza dawa ya kuipinga. Zamani wataalamu wenyewe walikuwa wakimwandika huyo wa Brazili kwa jina la Ctenus, na hivyo ubaya wa mmoja ukawaangukia ukoo mzima. Siku hizi picha yake hupita katika simu kutoka mkono hata mkono, na chini yake pameandikwa kwamba ameonekana wilaya fulani. Hakuonekana. Makao yake ni Amerika, na ndizi zetu hazitoki Brazili.

Hata huko kwao hofu imezidi kweli. Waganga wa mji wa Campinas waliwachunguza watu 422 walioumwa na buibui huyo, wakaitoa taarifa yao mwaka 2000. Karibu watu 9 katika kila 10 walipata maumivu ya kawaida tu. Walioumwa vibaya kabisa walikuwa watoto 2. Ikiwa hivyo ndivyo alivyo mkali wao, sisi tunamwogopea nini mpole wetu?

Hapa kwetu yuko buibui mmoja wa kujihadhari naye, naye si mzururaji. Ni mdogo, wa mviringo kama kifungo, rangi yake kahawia au nyeusi, na chini ya tumbo ana alama nyekundu au ya rangi ya chungwa, mfano wa pembe tatu mbili zilizogusana ncha. Hukaa katika utando wake mbovu mbovu chini ya viti, nyuma ya matangi ya maji na katika vyoo. Akiuma, maumivu yaweza kuenea mwilini na kuleta jasho. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali, hasa akiwa mtoto. Kwa buibui mwingine yeyote, osheni mahali palipoumwa kwa sabuni na maji, wekeni kitambaa cha maji baridi, basi. Msichanje kwa wembe, msifyonze, msipake mavi ya ng'ombe. Pepopunda imewaua watu ambao mdudu hakuwa na nia ya kuwaua.

Sasa nije kwenye hasara nilizozitaja. Ya kwanza ni ya nyumba na shamba. Wako watu wanaochukua dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, wakainyunyiza chumbani ili buibui wafe. Dawa ile imefanywa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe, kwa kipimo kilichoandikwa chupani. Chumbani huingia katika blanketi, katika unga, na katika kifua cha mtoto anayetambaa sakafuni. Mtu amemkimbia buibui asiyemdhuru, akailaza familia yake ndani ya sumu ya kweli.

Na shambani je? Mwaka 2017 viwavijeshi vya kutoka Amerika vilionekana katika mahindi ya Kenya, na wengi wenu mnajua vilivyofanya. Mama wa kiwavi yule ni nondo, naye huruka usiku, saa ile ile ambayo buibui mzururaji yuko kazini. Buibui humla nondo, na viwavi vingali vidogo huvila pia. Sisemi kwamba atavimaliza. Atakayewaambia hivyo anataka kuwauzia kitu. Lakini ni kibarua asiyedai posho. Mwaka huo huo wa 2017 wataalamu wawili walikadiria kwamba buibui wa dunia nzima hula kati ya tani milioni 400 na 800 za wadudu na viumbe wengine wadogo kila mwaka. Kwa hiyo mabua mkiyaacha yafunike udongo, msione ubaya wakikaa humo.

Hasara ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Vidonda vingi tunavyovibandika jina la buibui vina mwenyewe mwingine. Jipu lina vijidudu vyake. Malengelenge ya mstari shingoni wakati wa mvua ni kazi ya yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi ambaye Waingereza walimwita inzi wa Nairobi, ingawa si inzi. Hachomi wala haumi, bali akipondwa juu ya ngozi maji yake huunguza. Mpulizeni, msimpige. Hayo ni madogo.

Kubwa ni kimeta. Fikirini jambo hili. Ng'ombe wa jirani amekufa ghafula usiku, na jana alikula vizuri. Damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma. Watu wanasema nyama isipotee bure, wanamchuna, wanagawana. Baada ya siku chache mmoja wao anaona kipele mkononi, kinawasha kama pameumwa na mdudu. Kipele kinakuwa lengelenge, lengelenge linapasuka, katikati panakuwa peusi kama kaa lililozimika, na kando yake panavimba. Cha ajabu ni kwamba hapaumi sana. Mtu huyo anasema ni buibui. Anapaka majivu, anangoja.

Hicho ndicho kidonda cha kimeta. Hata jina la ugonjwa huu katika lugha za Ulaya limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kaa. Bila dawa, katika watu 10 wenye kidonda hicho hata 2 waweza kufa. Wakitibiwa mapema karibu wote hupona, kwa kuwa dawa za kuua bakteria zinauweza. Na waliokula nyama ile wamo katika hatari iliyo kubwa zaidi, maana kimeta cha tumboni ni kikali kuliko cha ngozi.

Angalieni basi neno moja linavyoweza kuponya au kuua. Mgonjwa akifika hospitali na kusema, "Niliumwa na buibui," mganga atalifuata neno hilo. Akisema, "Nilichuna ng'ombe aliyekufa ghafula," mganga atajua la kufanya. Kwa hiyo msiseme buibui kama hamkumwona buibui.

Sisi wa skimu jambo hili latuhusu hasa. Mbegu za kimeta hukaa ndani ya udongo miaka mingi sana, hata makumi ya miaka, zikingoja mvua kubwa au jembe lizifukue. Mwaka 2015 nyati zaidi ya 100 walikufa kwa kimeta katika mbuga ya Ziwa Nakuru. Nazo skimu zetu nyingi zilikatwa katika mashamba makubwa, mengine ya ng'ombe, tangu mpango wa eka milioni moja ulipoanza mwaka 1962. Mipaka ya ploti tulionyeshwa. Nani alituonyesha mahali ng'ombe wa zamani walipozikwa?

Mnyama akifa ghafula, msimpasue wala msimchune, hata kama ni mmoja tu na deni lake halijaisha. Zuieni mbwa na watoto. Mpigieni daktari wa mifugo kabla ya jambo lolote, naye atasema kama achomwe au azikwe. Akizikwa, shimo liwe la mita 2 kwenda chini, karibu na pale alipoanguka. Asiburutwe njia nzima akimwaga damu. Mahali ambapo kimeta kimepata kutokea, ng'ombe wachanjwe kila mwaka. Namba ya simu ya daktari wa mifugo wa wadi yenu iandikeni kwa rangi juu ya mlango wa zizi, mahali ambapo hata mtoto aliyeachwa nyumbani peke yake ataweza kuisoma.