Nakala Si Bandia, Wala Mraba Si Mchezo

Barazani petu mtu akionyeshwa picha ya miraba na pembe tatu tupu, isiyo na sura ya mtu wala mnyama, husema, "Hii si picha, ni mchezo wa watoto." Akiambiwa kuwa imechapwa na ziko hamsini mfano wake, huongeza, "Basi ni bandia." Sisi hatukubaliani naye katika yote mawili.

Tumtazame Kamal Boullata, Mpalestina wa dini ya Kikristo, aliyezaliwa Baitul Muqaddas mwaka 1942. Utotoni alikuwa akikaa saa nyingi mbele ya Kubba ya Sakhra akinakili nakshi zake. Vita vya Juni 1967 vilimkuta Beirut, alikokwenda kuonyesha picha zake, na tangu hapo akazuiwa kurudi kuishi kwao. Mwaka 1968 alihamia Washington. Huko ugenini aliishika khati ya Kufi ya mraba, ambayo herufi zake hazina mviringo, akaipanga hata maandishi yakawa nakshi. Kazi yake moja aliiita Nur ala Nur, maneno ambayo msomaji wetu hahitaji kufasiriwa.

Kazi hizo alizichapa kwa kitambaa cha hariri. Kitambaa chembamba huwambwa kwenye fremu, pasipotakiwa rangi pakazibwa, kisha wino ukasukumwa upenye hadi karatasini. Kila rangi ina zamu yake, na ikienda upande kidogo tu karatasi imeharibika. Mwisho mchoraji huandika kwa penseli, tuseme 12/50, yaani ya 12 katika 50, akatia saini yake. Huo ni ushahidi wa mwenyewe kuwa kazi ni yake. Bandia ni ile iliyotolewa kwa mashine pasi na idhini yake, ikauzwa kwa jina lake.

Wala mambo haya si mageni kwetu. Mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya Kufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Na fundi wa milango hupima kwa rula na bikari kabla ya kushika patasi. Nakshi ile ile akaitia mlango wa pili na wa tatu, na hakuna aliyemwambia kuwa mlango wa pili ni bandia.

Boullata alifariki Berlin mwaka 2019, akarudishwa kuzikwa Baitul Muqaddas. Kwa miaka yote aliyokosa kukaa kwao, nakshi za mji wake zilikuwa zikiingia majumbani mwa watu kwa karatasi.

Nasi tuna nyumba za kale zinazobomoka, na nakshi za kutani zinakwenda na kifusi. Walimu wa sanaa na mafundi wetu wakae pamoja wazipime, wazichape, watie namba na majina yao. Tusingoje mgeni aje atufanyie, kisha tuzinunue kwake.